Devi Mahatmya: Kitabu cha Wahindu kinachomtukuza Mama wa ulimwengu

KITUNGUU ndicho kinachoitambulisha Lumuma, kata ya wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, ambako wakulima humwagilia mashamba yao kwa maji ya mto na kupeleka mavuno katika masoko ya mijini. Hata hivyo kila mwaka, kati ya mwezi Septemba na Oktoba, yapo majiko mijini ambayo kwa siku tisa mfululizo hayapokei kitunguu hata kimoja. Hayo ni majiko ya familia za Kihindu zilizo katika mfungo wa Navaratri, yaani sikukuu ya usiku tisa wa kumtukuza mungu wa kike.

Desturi ya Wahindu wengi huhesabu kitunguu na kitunguu saumu kuwa vyakula vinavyochochea tamaa na kuondoa utulivu wa moyo, hivyo huwekwa kando wakati wa kufunga. Kinachoshika nafasi ya mbele katika siku hizo ni kitabu. Kinaitwa Devi Mahatmya, jina la lugha ya Kisanskriti lenye maana ya "Utukufu wa Mungu wa Kike".

Wahindu wamekuwa majirani wa wakazi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki kwa vizazi vingi. Wamenunua na kuuza pamoja nao, wamesoma nao na kuzikana nao. Lakini yanayosomwa ndani ya mahekalu yao ni machache yaliyovuka ukuta na kuwafikia majirani hao, na pengo hilo mara nyingi limejazwa na dhana kwamba ni ibada ya masanamu tu. Kitabu hiki ni mlango mzuri wa kuielewa imani hiyo kwa sababu kinaanza na jambo ambalo mtu wa dini yoyote analifahamu, nalo ni uchungu wa mtu aliyepoteza mali na nyumba yake.

Mhindi na Mhindu

Kabla ya kuingia katika kitabu, ni vyema kutenganisha maneno mawili yanayochanganywa mno mitaani. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, awe Mwislamu, Mkristo, Kalasinga, Mjaini au Mhindu. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Waismailia na Mabohora, ambao maduka yao yamejulikana katika miji mingi ya Tanzania, ni Wahindi wengi wao kwa asili, lakini ni Waislamu. Katika pwani, Wahindu waliitwa zamani Mabaniani, jina lililotokana na tabaka la wafanyabiashara.

Hata miongoni mwa Wahindu wenyewe si wote wanaoweka mbele ibada ya mungu wa kike. Wapo wanaomwelekea zaidi Vishnu, wapo wanaomwelekea Shiva, na wapo wanaomwona Devi kuwa ndiye aliye juu ya wote. Hao wa mwisho huitwa Washakta, kutokana na neno "shakti", yaani nguvu. Kwao nguvu inayoumba ulimwengu, inayoutunza na kuurudisha katika asili yake ni Mama, na miungu wa kiume hutenda kazi kwa nguvu anayowapa.

Lugha ya Kiswahili huleta ugumu kidogo hapa. Neno "mungu" halina kiume wala kike, na kitenzi chetu hakimtofautishi mwanamume na mwanamke. Katika Kisanskriti jambo hilo hujitokeza katika karibu kila ubeti, kwa kuwa "deva" ni mungu wa kiume na "devi" ni mungu wa kike, na sifa zote hufuata jinsia hiyo. Msikilizaji wa Kisanskriti hawezi kusahau hata kwa dakika moja kwamba anayepigana vitani ni mwanamke.

Umbo na umri wa kitabu

Devi Mahatmya si kitabu kikubwa. Kina sura 13 na kwa hesabu ya mapokeo kina beti 700, ndiyo maana huitwa pia Durga Saptashati, yaani "Beti mia saba za Durga". Hesabu hiyo hufikiwa kwa kuhesabu pamoja na vifungu vifupi vinavyomtaja msemaji. Katika sehemu za mashariki mwa India hufahamika zaidi kwa jina la Chandi.

Kitabu hiki kimo ndani ya kitabu kikubwa zaidi kiitwacho Markandeya Purana, katika sura ya 81 hadi ya 93. Purana ni maandiko ya Kihindu yenye visa vya uumbaji, nasaba za wafalme, sikukuu na mafundisho ya ibada. Yaliyo makuu huhesabiwa kuwa 18. Wataalamu wengi wanakadiria kwamba Devi Mahatmya ilitungwa takriban karne ya 5 au ya 6. Nakala yake ya kale iliyohifadhiwa nchini Nepal, iliyoandikwa juu ya majani ya mtende, ina tarehe inayolingana na mwaka 998.

Miungu wa kike walikuwepo katika maandiko ya Kihindu muda mrefu kabla ya hapo. Veda, ambazo ndizo maandiko ya kale kuliko yote ya dini hiyo, zina nyimbo za mapambazuko, za usiku na za usemi, na zote humwimba mungu wa kike. Jambo jipya katika Devi Mahatmya ni kwamba majina hayo yote yamekusanywa na kuwa ya mmoja. Mtaalamu wa Kimarekani Thomas Coburn, aliyechapisha utafiti wake juu ya kitabu hiki mwaka 1984, alionyesha kwamba hapo ndipo mapokeo ya Devi yalipopata umbo kamili katika Kisanskriti.

Mfalme na mfanyabiashara

Kisa kinaanza na mfalme aitwaye Suratha. Alitawala vizuri, lakini akashindwa vitani na maadui waliokuwa wachache kuliko jeshi lake. Alirudi katika mji wake, na huko mawaziri wake mwenyewe wakamnyang'anya hazina na majeshi. Akapanda farasi peke yake kwa kisingizio cha kwenda kuwinda, akaingia msituni na kufika kwenye makao ya mtawa mwenye hekima aitwaye Medhas.

Amani ya pale haikumpoza. Akili yake ilibaki mjini. Aliwaza iwapo ndovu wake aliyempenda anatunzwa, na iwapo akiba aliyoikusanya kwa taabu inatapanywa na watu wasiojua kubana matumizi.

Pale pale akakutana na mtu mwingine, mfanyabiashara aitwaye Samadhi. Huyu alizaliwa katika jamaa tajiri, lakini mkewe na wanawe walimfukuza nyumbani kwa kutamani mali yake. Lakini msituni hakuwa akiwalaani. Alikuwa akijiuliza kama ni wazima au ni wagonjwa, na kama watoto wanaenenda vyema au la. Mfalme alimshangaa mtu anayewahurumia waliomtupa, na mfanyabiashara akakiri kwamba yeye mwenyewe hajui kwa nini moyo wake unakataa kuwa mgumu.

Wote wawili wakamwendea mtawa na swali moja. Wao ni watu wenye akili, wanayaona makosa ya vitu wanavyovipenda, mbona bado wanavutwa navyo? Mtawa akawaonyesha ndege, ambao wakiwa na njaa wenyewe huwatilia makinda yao punje mdomoni. Alisema kwamba ujuzi wa namna hiyo wanao viumbe wote, na kamba inayowafunga wote ni moja. Aliiita Mahamaya, nguvu kuu inayofunika macho ya hata wenye hekima, na ambayo ndiyo hiyo hiyo inayowafungua ikiridhika. Walipouliza huyo ni nani, mtawa akaanza kusimulia vita vitatu.

Vita vitatu

Katika simulizi ya kwanza ulimwengu ni bahari tupu, na mungu Vishnu amelala juu ya nyoka. Kutoka katika nta ya masikio yake wanatokea asura wawili, majitu maasi waitwao Madhu na Kaitabha, wakitaka kumuua Brahma, mwumbaji. Brahma hamwamshi Vishnu. Anamwomba Usingizi, ambaye ni Devi mwenyewe, amtoke Vishnu machoni. Vishnu anapoamka anapigana na majitu hayo miaka 5,000, kisha wao kwa majivuno wanamwambia aombe chochote. Anaomba wafe kwa mkono wake. Wakijaribu kukwepa, wanamtaka awaulie mahali pasipo na maji, nao maji yamejaa kila mahali. Vishnu anawalaza juu ya mapaja yake na kuwakata vichwa.

Simulizi ya pili ndiyo maarufu kuliko zote, na ndiyo inayoonekana katika sanamu nyingi za mahekalu. Mahishasura, asura mwenye umbo la nyati, amewafukuza miungu mbinguni baada ya vita vya miaka 100. Kwa hasira, miungu wanatoa miale ya mwanga kutoka katika miili yao. Miale hiyo inakutana na kuwa mwanamke mmoja. Kila mungu anampa silaha mfano wa ile aliyo nayo. Shiva anampa mkuki wa ncha tatu, Vishnu kisahani chenye makali, mungu wa upepo upinde na mishale, na mlima Himalaya unampa simba wa kumpanda.

Wakazi wa Kilosa, ambao wilaya yao inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, hawahitaji kuelezwa nyati aliyejeruhiwa ni mnyama wa namna gani. Kitabu kinamweleza akipasua ardhi kwa kwato, akirusha milima kwa pembe na kuipiga bahari kwa mkia hadi inafurika. Anabadilika kuwa simba, mtu mwenye upanga, ndovu, kisha nyati tena. Mwishowe Devi anamkanyaga shingoni, na asura akiwa ametoka nusu mwili katika kinywa cha umbo lake la nyati, anakatwa kichwa. Kutokana na ushindi huo Devi huitwa Mahishasuramardini, yaani mwenye kumponda Mahishasura.

Simulizi ya tatu ni ndefu zaidi na ina kejeli ndani yake. Ndugu wawili, Shumbha na Nishumbha, wametwaa ulimwengu wote. Watumishi wao wanamwona Devi mlimani na kumsifia uzuri, ndipo Shumbha anamtuma mjumbe kumposa, kama mtu anayeongeza kito katika hazina yake. Jibu la Devi ni la adabu: aliweka nadhiri zamani, bila kufikiri sana, kwamba atakayemshinda vitani ndiye atakayemwoa. Shumbha analichukua jibu hilo kuwa dharau na kuanza kutuma majeshi.

Katika vita hivyo anatokea Kali, mweusi na wa kutisha, kutoka katika paji la uso wa Devi. Anatokea pia asura Raktabija, ambaye kila tone la damu yake likigusa ardhi huzaa asura mwingine kama yeye. Kadiri anavyochomwa ndivyo anavyoongezeka, hadi Kali anapoyanywa matone yote kabla hayajafika chini. Wafafanuzi wengi wamemtumia Raktabija kuwa mfano wa tamaa na chuki, ambavyo vikipigwa bila kukomeshwa kwenye mzizi huzaa vingine.

Mwishoni Shumbha anamlaumu Devi kwamba anajivuna huku akishinda kwa msaada wa wengine. Devi anamjibu kwamba hakuna mwingine yeyote isipokuwa yeye, na hapo miungu wa kike wote waliokuwa wakipigana upande wake wanaingia ndani yake na kutoweka. Anabaki mmoja, na kwa umoja huo anamuua Shumbha. Kwa Washakta hilo ndilo jibu kwa wanaodhani Wahindu wana miungu wasio na idadi: majina ni mengi, lakini aliye nyuma yake ni mmoja.

Mama wa mboga

Sura ya 11 ina ahadi ambayo mkulima yeyote ataielewa. Devi anasema kwamba katika zama zijazo mvua itakatika kwa miaka 100. Ndipo atakapowatazama wanadamu kwa macho 100, na kuulisha ulimwengu mzima kwa mboga zitakazoota kutoka katika mwili wake mwenyewe, hadi mvua itakaporudi. Kwa tendo hilo ataitwa Shakambhari, yaani mwenye kubeba mboga.

Kisa hicho kimepanuliwa katika kitabu kingine kikubwa cha Washakta, Devi Bhagavata Purana. Humo inasimuliwa kwamba Mama alipoona dhiki ya viumbe alilia kwa siku tisa, na machozi yake yakawa mvua. Silaha haitangulii katika tendo hilo. Machozi na chakula ndivyo vinavyotangulia. Kwa watu wa mabonde yanayotegemea maji ya mto, kama Lumuma, na ambao wilaya yao imewahi kuonja hali zote mbili za ukame na mafuriko, likiwemo gharika la mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 lililowaacha maelfu bila makazi mjini Kilosa, mfano huo hauko mbali.

Devi Bhagavata Purana ina vitabu 12, sura 318 na kwa hesabu ya mapokeo beti 18,000. Ilitungwa karne kadhaa baada ya Devi Mahatmya, na imejengwa kama mazungumzo kati ya Vyasa na mfalme Janamejaya. Katika kitabu chake cha tatu, Brahma, Vishnu na Shiva wanachukuliwa katika chombo kinachoruka hadi Kisiwa cha Vito, makao ya Devi, na kabla ya kufika mbele yake wanageuzwa kuwa wanawake. Katika kitabu cha saba limo fundisho liitwalo Devi Gita, ambamo Devi anamweleza mlima Himalaya asili yake. Tafsiri ya Kiingereza ya Purana hiyo ilitolewa na Swami Vijnanananda kati ya mwaka 1921 na 1922.

Namna kinavyosomwa

Devi Mahatmya hukusudiwa kusikika zaidi kuliko kusomwa kimya. Katika sura yake ya 12, Devi mwenyewe anaagiza kisomwe kwa makini katika siku ya nane, ya tisa na ya 14 ya nusu mwezi, na katika ibada kuu ya kila mwaka wakati wa majira ya baada ya mvua za India. Ibada hiyo ndiyo Navaratri. Kwa kuwa kalenda ya Kihindu hufuata mwezi, tarehe zake hubadilika kila mwaka. Siku ya kumi, Vijayadashami, ni siku ya ushindi.

Msomaji huanza kwa sala za utangulizi, ikiwamo ile iitwayo Kavacha, yaani ngao, inayoomba ulinzi wa kila kiungo cha mwili. Wapo wanaosoma sura zote 13 kwa siku moja, na wapo wanaozigawa kwa siku tisa. Vitabu vya bei nafuu, hasa vya kampuni ya Gita Press iliyoanzishwa mwaka 1923 mjini Gorakhpur, vimewawezesha watu wa kawaida kuwa na nakala nyumbani badala ya kumtegemea kuhani peke yake.

Kila eneo la India lina sura yake ya sikukuu hiyo. Mjini Kolkata hufinyangwa sanamu za udongo za Durga akimchoma Mahishasura, kisha sanamu hizo hutoswa majini. Tangu mwaka 1931 redio ya mji huo imekuwa ikirusha alfajiri kipindi kiitwacho Mahishasuramardini, chenye visomo vya kitabu hiki kwa sauti ya Birendra Krishna Bhadra. Mwaka 1976 sauti hiyo ilipobadilishwa na kuwekwa ya mwigizaji maarufu Uttam Kumar, wasikilizaji walilalamika kwa nguvu hadi ya awali ikarudishwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, Unesco, liliitambua sikukuu ya Durga ya Kolkata kuwa urithi wa dunia usioshikika mwaka 2021.

Katika jimbo la Gujarat, alama ya Mama ni chungu cha udongo chenye matundu na taa ndani yake, ambacho wanawake na wanaume hukizunguka wakicheza ngoma iitwayo garba. Chungu ni tumbo la mama, na taa ni uhai uliomo. Garba nayo ilitambuliwa na Unesco mwaka 2023.

Katika Afrika Mashariki

Garba ndiyo sura ya Navaratri inayojulikana zaidi katika Afrika Mashariki, kwa sababu Wahindu wengi wa eneo hili asili yao ni Gujarat, hasa Kutch na Kathiawar. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kutch walikuwa na nguvu kubwa Zanzibar, ambako kwa miaka mingi ukusanyaji wa ushuru wa forodha ulikuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji. Wengi wao walisafiri bila wake zao. Ibada ya nyumbani, ambayo kwa kawaida hushikiliwa na akina mama, ilipata mizizi pale wanawake walipoanza kuja na familia kuanzishwa.

Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1905 na 1914, ilifungua bara. Kilosa, ambayo tayari ilikuwa katika njia ya misafara, ikawa mji wa stesheni, na mashamba ya mkonge ya maeneo kama Kimamba yakavuta watu na fedha. Maduka ya Wahindi yakafuata reli. Lugha imehifadhi kumbukumbu hiyo, kwani maneno kama gari, bima, laki na bepari yote yametoka Bara Hindi. Bepari kwa asili ni mfanyabiashara tu, mtu wa kundi lile lile la Samadhi wa kisa chetu.

Hali ilibadilika baada ya uhuru. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliiweka biashara kubwa mikononi mwa Serikali. Mwaka 1971 ikapitishwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000, na majengo yaliyozidi umri wa miaka 10 hayakulipiwa fidia. Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere iliiona hatua hiyo kuwa ya kuondoa unyonyaji bila kujali rangi, na kwa Watanzania wengi waliolipa kodi kubwa za pango ilikuwa ahueni. Kwa familia za Kihindi zilizokuwa zimeweka akiba yote katika nyumba moja, ilikuwa ndiyo mwisho wa maisha waliyoyajua. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia kutoka Uganda kwa kuwapa siku 90. Wengi walihamia Uingereza na Kanada, na mji wa Leicester ukawa miongoni mwa vituo vikubwa vya Navaratri nje ya India. Katika miji midogo ya bara, maduka yaliyofungwa yalibaki na majina ya wenyewe juu ya milango.

Hapo ndipo sura ya kwanza ya Devi Mahatmya inapopata uzito wa pekee kwa watu wa eneo hili. Ni kisa cha mtu aliyetolewa katika nyumba yake na bado akawa anaiwaza. Waliondoka na waliobaki wote wanaweza kumwelewa Samadhi, kama vile Mwafrika aliyewahi kunyang'anywa shamba enzi za ukoloni anavyoweza kumwelewa Suratha. Kitabu hakisemi kwamba majonzi hayo ni upumbavu. Kinasema kwamba ni kamba inayowafunga wote, na kwamba aliyeifunga ndiye anayeweza kuifungua.

Je, Mama juu huinua wanawake chini?

Swali hili limeulizwa sana na wasomi. Kitabu kinatamka kwamba wanawake wote ulimwenguni ni sura za Devi. Hata hivyo katika India ile ile inayomsifu Durga, ndoa za utotoni, madai ya mahari makubwa na upendeleo wa watoto wa kiume vimeendelea kwa karne nyingi. Heshima ya hekaluni haikuwa na lazima ya kufika nyumbani.

Wilaya ya Kilosa ina mfano wake unaofaa kulinganishwa, ingawa si wa ibada. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, pamoja na majirani zao Waluguru, ni jamii ambazo kwa mila huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kama alivyoeleza mwanaanthropolojia T. O. Beidelman katika kitabu chake cha mwaka 1967. Mwaka 1871 msafiri Henry Morton Stanley alipopita kuelekea Ujiji, mji wa pale ilipo Morogoro ya leo ulikuwa chini ya mtawala mwanamke, Simbamwene, binti wa Kisabengo. Lakini katika jamii hizo hizo, kauli juu ya mali ya ukoo kwa kawaida ilikuwa ya mjomba. Mama alikuwa mlango wa urithi bila kuwa lazima msemaji wake. Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ililazimika kutamka kwa maandishi kwamba mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume.

Wapo pia Wahindu wasioikubali njia hii. Wafuasi wa Arya Samaj, waliokuwa na jumuiya yao Nairobi tangu mwaka 1903, hukataa sanamu na hawazipi Purana mamlaka ya Veda. Lipo pia suala la kafara. Katika baadhi ya mahekalu ya Devi nchini Nepal na mashariki mwa India wanyama bado huchinjwa, ilhali Wahindu wengi, hasa Wagujarati, huliona jambo hilo kuwa chukizo na hutoa nazi au boga badala yake.

Matakwa mawili

Sura ya mwisho inarudi msituni. Baada ya kusikia simulizi zote, mfalme na mfanyabiashara wanakwenda ukingoni mwa mto, wanafinyanga sanamu ya udongo ya Devi na kumwomba kwa miaka mitatu, wakifunga na kujinyima. Anawatokea na kumwambia kila mmoja aseme alitakalo.

Mfalme anaomba ufalme wake urudi sasa, na katika maisha yajayo apate utawala usiopokonyeka. Anapewa vyote viwili, bila kukemewa. Mfanyabiashara, ambaye angeweza kuomba nyumba, mali na watoto wake, anaomba maarifa yatakayomwondolea kushikilia "mimi" na "changu". Naye anapewa.

Kitabu hakisemi nani kati yao alichagua vyema zaidi. Mama anawasikiliza wote wawili, anayetaka kurudi nyumbani na asiyetaka tena kufungwa na nyumba. Katika nchi ambayo ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani, na ambayo sensa zake tangu ile ya mwaka 1967 haziulizi tena mtu ni wa dini gani, taa za usiku tisa zinaendelea kuwashwa kando ya misikiti na makanisa. Siku ya kumi ikishapita na mfungo kwisha, kitunguu hurudi jikoni.